Niliahidi Nywele Ili Kuokoa Nywele

Habari ilinikuta bombani siku ya Alhamisi, ndoo yangu ikiwa nusu: eti maji ya kisima kipya cha pampu yananyonyoa nywele za wasichana. Eti kijiji cha pili, ng'ambo ya mashamba ya pilipili, msichana mmoja aliamka asubuhi, akainua kichwa, na msuko wake ukabaki kwenye mto. Mzima mzima! Kama mkia wa mjusi.

Aliyeileta ni jirani yangu Sornam. Ukuta wake na wangu ni mmoja, na kila ninachosema nikiwa kwangu, yeye hukijibu akiwa kwake.

"Umemwona huyo msichana?" nikamuuliza.

"Mimi sijamwona. Ila aliyemwona nimemwona."

"Na aliyemwona, alimwona kweli?"

"Pechi, umekuja kubishana au kuteka maji? Sogeza ndoo."

Nikasogeza ndoo, lakini yale maneno sikuweza kuyasogeza. Yalinifuata nyumbani, yakakaa nami jikoni wakati napika, yakanisimamia nyuma ya shingo wakati napepeta mchele. Msuko kwenye mto! Nilikuwa nikiuona kwa macho kabisa.

Vennila ni binti yangu wa pekee. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na sita, darasa la kumi na moja, shule ya mjini, basi la saa moja kasorobo asubuhi. Nywele zake ni za upande wa baba yake: nyeusi, nyingi, zimejikunja kama vile vikono vya mboga ya maboga vinavyotafuta pa kushika. Mimi sikuzipenda, nasema ukweli. Kwenye kalenda ya duka la mafuta kuna mwanamke mwenye msuko mmoja ulionyooka hadi kiunoni, unang'aa kama nyoka aliyetoka kujivua gamba. Ule ndio niliokuwa nikiutaka. Basi kila asubuhi nilimkalisha Vennila kizingitini, nywele kavu, kitana cha meno ya kubanana, nikavuta kuanzia kwenye mizizi mpaka machozi yakamtoka.

Lakini hakuwa na tatizo lolote. Naomba kina mama mlishike hilo. Siku ile ya Alhamisi mwanangu alikuwa na nywele kichwa kizima na hakuwa na tatizo lolote.

Kesho yake nikachana, nikatazama kitana. Nywele tisa. Juzi nisingeziona. Siku hiyo niliziona kama maiti tisa.

Ilikuwa Ijumaa. Nikaenda moja kwa moja kwenye hekalu la Mama yetu Muppidathi, mungu mlinzi wa kijiji, nikasimama mbele yake, nikasema kwa sauti: "Mama, ziokoe nywele za mwanangu, nami siku ya sikukuu yako, mwezi wa Aadi, nitakuletea nywele, kichwa kizima!" Nikaongeza kwamba Vennila atafunga kila Jumanne na kila Ijumaa, asile chochote mpaka taa ziwashwe jioni. Nikafunga sarafu kwenye kitambaa cha manjano, nikakining'iniza kwenye kona ya sala. Nikarudi mwepesi kama niliyetua kuni.

Sornam aliponisikia nikimweleza binti yangu, alijibu kutoka upande wake wa ukuta, kisha akaona haitoshi, akaja mwenyewe, mikono ina unga.

"Hebu rudia. Umemwomba nini?"

"Aziokoe nywele."

"Na malipo?"

"Nywele."

Akaegemea mlango, akacheka mpaka akakaa chini. "Jamani! Mtu anamwomba mungu amlindie mbuzi, na malipo ni mbuzi yuleyule! Pechi, kichwa chako kinapikwa na moto gani?"

Hapo ndipo kosa langu liliponiingia akilini. Kwetu kunyoa kwa nadhiri ni jambo la kawaida, wadogo kwa wakubwa, wake kwa waume. Na kwa mwanamke asiyetaka kunyolewa kuna nywele-ua: hukatwa ncha tu, upana wa vidole vitatu, na Mama huzipokea. Ningesema nywele-ua ningekuwa nimepona. Lakini nilitaka kuonekana mkarimu. Nikasema kichwa kizima.

Vennila hakucheka. Alikuwa ameshika daftari lake kifuani.

"Amma, umeahidi kichwa changu bila kuniuliza?"

"Hicho kichwa nilikizaa mimi!"

"Ulikizaa, Amma. Hukuniazima."

"Funga mdomo, we mtoto. Ni kwa faida yako."

Akafunga mdomo. Akafunga na Jumanne, akafunga na Ijumaa. Mimi sikufunga, nilikuwa na kazi ya kuchuma pilipili, na jua la kule shambani halimhurumii mtu mwenye njaa. Nilijiambia kwamba yeye anakaa kivulini shuleni, anasoma tu.

Na huku nikingoja Mama afanye sehemu yake, nikaona si vibaya nikimsaidia. Kila aliyekuwa na dawa nilimsikiliza. Vitunguu vidogo vyekundu vilivyopondwa na pilipili manga, ukisugua ngozi ya kichwa mpaka iwake: nikasugua, ikawaka. Shampuu ya pakiti kila siku ili kuondoa chumvi ya maji ya kisima: nikamwosha kila siku. Kwa kuwa basi halingoji, nilizikausha kwa taulo gumu, nikisugua kama mtu anayeng'arisha sufuria, kisha nikasuka zikiwa bado zimelowa, misuko miwili ya shule iliyokunjwa juu na kufungwa utepe, nikikaza mpaka nyusi zikapanda. "Amma, siwezi kufumba macho vizuri," alisema siku moja. Nikamwambia macho ni ya kufumbua, anaenda shule.

Siku za Ijumaa nilimfukiza ubani. Kapu juu ya chetezo, nywele juu ya kapu, moshi unapanda, zinakauka na kunukia. Bibi yangu alifanya hivyo. Lakini bibi yangu alikuwa na subira, na makaa yake yalikuwa yamefunikwa majivu. Mimi nilikuwa na haraka. Nililiondoa kapu. Tukasikia harufu ya kuku anayebabuliwa, na ncha za upande wa kushoto zikawa vishungi vyekundu vinavyokatika ukivigusa.

Mwezi mmoja ukapita, wa pili ukaingia. Sasa hazikuwa tisa tena. Kitana kilitoka kimevaa koti! Zilikuwa kwenye mto, kwenye bakuli la maji, kwenye sahani ya wali. Juu ya masikio ngozi ilianza kuonekana, nyeupe, inameta. Nami je, nikasema nini? Nikasema: mnaona? Maji ya kisima! Sornam aliniambia!

Sornam mwenyewe alimtazama mtoto akipita, akasema, "Loo, ule msitu wa nywele sasa umekuwa mkia wa panya." Vennila alisikia. Kuanzia siku ile akawa anavaa mtandio hata ndani ya nyumba.

Kisha siku ya Jumanne, siku ya kufunga, aliangushwa na kizunguzungu kwenye mstari wa asubuhi, wimbo wa shule haujaisha. Mwalimu alipiga simu kwenye duka la jirani. Nilikimbia kutoka shambani na mikono yenye pilipili, nikajishika macho njiani, nikafika kituo cha afya nikiwa nalia machozi ya aina mbili.

Nesi pale anaitwa Jebakani. Mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Alimkalisha Vennila, akamvuta ukope wa chini kwa kidole gumba.

"Mama Vennila, njoo utazame. Rangi gani hii?"

"Nyeupe, sista."

"Sasa vuta wako kwenye kioo."

Nikavuta. Ulikuwa mwekundu, na pilipili iliuzidisha.

"Damu yake ni nane," akasema baada ya kumpima. "Inatakiwa kumi na mbili. Anakula nini?"

Nikaanza kuhesabu. Asubuhi chai, maana anawahi basi. Mchana wali kidogo na kachumbari ya embe. Baada ya kula, chai. Jumanne na Ijumaa hamna kitu, mwezi wa pili sasa. Nilivyokuwa nikihesabu, sauti yangu ilikuwa ikipungua yenyewe.

"Na nywele zinanyonyoka," nikasema haraka, "kwa sababu ya maji ya kisima." Nikamtajia na dawa zote nilizojaribu.

"Wewe unaoga maji gani?"

"Hayohayo."

"Na Sornam, yule mwenye sauti?"

"Hayohayo."

"Na kijiji kizima?"

"Hayohayo, sista."

"Basi mbona mimi sijaona kijiji cha vipara?" Akavuta kiti, akakaa. "Maji ya chumvi hukausha nywele, hilo kweli. Suuzia ya mvua ukiyapata. Lakini hayang'oi msuko. Sikiliza. Nywele ni za mwisho kwenye foleni. Chakula kikiwa kidogo mwilini, moyo unapewa, ubongo unapewa, nywele zinaambiwa rudini kesho. Wewe umeziambia rudini kesho kwa miezi miwili. Kisha zile chache zilizong'ang'ania, ukazipika, ukazivuta, ukazichoma. Huu mstari wa kipara juu ya masikio ni wa kukaza misuko. Naujua. Nilikuwa nao."

Akavua kofia yake, akatoa kibanio. Nywele zikamwagika, za kujikunja vilevile kama za mwanangu, nyeusi, zimejaa mpaka mabegani! Vennila akafungua mdomo. Tangu azaliwe hakuwa ameona mwanamke wa kazi ya heshima aliyeziacha vile, bila kuzilainisha.

"Mama yangu alizichana kavu miaka kumi na minane," Jebakani akasema, "na alinipenda sana. Ndiyo hatari yenyewe."

Akatupa vidonge vya kuongeza damu na kimoja cha minyoo. Akasema kufunga kuishe leo, chai isikaribie chakula kwa saa nzima kabla na baada, na mtoto ale majani ya mlonge, uji wa uwele, vijitonge vya ufuta na sukari guru, yai akilipata.

"Mlonge mnao?"

Mlonge! Umesimama uani kwangu, karibu na choo. Kila wiki nilikata matawi nikawapa mbuzi. Mbuzi wangu walikuwa na manyoya mazuri kuliko nywele za mwanangu.

"Na nadhiri, sista?" nikauliza mlangoni, maana ilikuwa inanichoma. "Nimeahidi kichwa kizima."

"Hiyo," akasema, "sina kidonge chake."

Njiani tulipita shamba la pilipili la ng'ambo, tukakuta wanawake wa kijiji cha pili wamepumzika. Sikuweza kujizuia. Nikawauliza habari za msichana aliyeacha msuko kwenye mto. Wakatazamana, wakapasuka kucheka. Mmoja akanyanyua mkono: "Ni mdogo wangu! Ule ni msuko wa bandia, wa kuunganisha. Aliufungua alale. Mtoto wa jirani akauona kwenye mto, akatoka mbio anapiga kelele. Habari imefika mpaka kwenu?"

Imefika. Imefika na imekaa kwangu miezi miwili, imekula na kunywa. Vennila alinitazama, kisha na yeye akaanza kucheka, dhaifu vile, ameshika bega langu asianguke. Nami nikacheka, na nilikuwa nalia.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo raha inapoanza! Nilifanya kila alichosema Jebakani, na nilikifanya kwa fujo ileile niliyofanyia upuuzi. Mlonge kwenye dengu, mlonge kwenye yai, mlonge kwenye chapati. Vennila akasema nikiendelea hivyo ataanza kulia kama mbuzi. Asubuhi uji wa uwele na mtindi na kitunguu kibichi, cha kula, si cha kusugua.

Na Ijumaa, siku ya wanawake kuoga mafuta, tukaanza upya. Mafuta ya nazi ya vuguvugu, kidogo, kwa ncha za vidole, bila kukwaruza. Kisha majani ya ule mti wa maua mekundu uani, haibiskasi, yakipondwa na maji hutoa utelezi kama wa bamia. Hapo hapo, nywele zikiwa zimelowa na kuteleza, unafungua mafundo kwa vidole, kuanzia kwenye ncha, unapanda taratibu. Kisha chanuo la mbao la meno mapana. Mara ya kwanza ilituchukua muda mrefu mpaka nikakasirika, na Vennila akasema, "Amma, unakimbilia wapi? Basi la Ijumaa jioni halipo." Nikakaa. Tukazungumza. Nilijua siku hiyo kwamba mwanangu anapenda hesabu na hampendi mwalimu wa hesabu, na kwamba anaogopa mwezi wa Aadi kila anapolala.

Kukausha, shuka kuukuu ya pamba ya baba yake, laini, unakamua bila kusugua. Kisha upepo. Ubani tuliuacha uende kwenye kona ya sala, kwa wenyewe. Misuko ya shule nikailegeza, nywele zikiwa zimekauka, na mwalimu hakusema kitu.

Wiki ya tano nikamwona kwenye mwanga wa mlango. Juu ya masikio, pale palipometa, palikuwa na kitu. Nikasogea. Vinywele! Vifupi, vyembamba, vimesimama kama manyoya ya kifaranga, na vilikuwa tayari vinajikunja!

"Sornam!" nilipiga kelele. "Sornam! Njoo uone!"

Akaja mbio akidhani ni nyoka. Akatazama, akagusa, akanitazama mimi.

"Umepaka nini?"

"Uji wa uwele."

"Unapaka uji?!"

"Anakunywa, we mwanamke!"

Vennila akatupa mtandio kitandani na hakuuvaa tena. Alijitazama kwenye kioo kidogo cha ukutani, akageuza kichwa huku na huku, mikunjo ikaruka. Nami nikaona jambo ambalo sikuliona miaka kumi na sita: zile nywele zinaufaa uso wake. Paji lake ni pana, mashavu yake yamejaa, na zile nywele zinauzunguka kama mikono. Msuko wa kalenda ungemfanya aonekane amekaripiwa. Alikuwa mzuri tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nikimvuta awe mtu mwingine kila asubuhi.

Lakini mwezi wa Aadi ulikuwa unakuja. Na kila kinywele kilichoota, mimi niliyeahidi nilijua ni cha nani.

Nilimwendea Sornam. "Nifanyeje?"

"Mpe nywele-ua. Vidole vitatu. Mama ni mama, ataelewa."

"Nilisema kichwa kizima. Kwa sauti."

"Alikuwa na watu wengi siku hiyo. Labda hakusikia."

"Mimi nilisikia."

Mnajua hofu yangu. Ukimdanganya Mama Muppidathi, joto la hasira yake likipanda mwilini mwa mtoto utamlilia nani? Na nikimnyoa mwanangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajipenda kwenye kioo, macho yake nitayatazama vipi? Nilizidiwa. Nilikuwa nikipika wali unaungua, nalisha mbuzi chapati.

Siku ya sikukuu ikafika. Ngoma zilianza mapema, wanawake wamebeba vyungu vyenye majani ya mwarobaini, manjano kila mahali, watoto wanalia, spika inakoroma. Vinyozi walikuwa wamekaa safu moja chini ya turubai, mbele ya kila mmoja kibao na ndoo ya maji. Foleni ndefu. Sisi tulikuwa kwa Karuppan, kinyozi wa kijiji chetu, ambaye hunyoa kwa mkono mwepesi na kuongea bila kupumzika.

Vennila alivaa sketi yake ya kijani na mtandio wa manjano. Hakuweka asumini nywelini. Tulipokaribia akasema kwa sauti ndogo, "Amma, nitakaa. Usitetemeke. Zilishaota mara moja, zitaota tena. Sitaki uishi na hofu kwa ajili yangu."

Akakaa kwenye kibao. Akainamisha kichwa mwenyewe.

Karuppan akavunja wembe mpya, akachota maji kwa kiganja, akammwagia utosini. Na zile nywele zilipopata maji, jamani, zikajikunja! Zote kwa pamoja, kama zimeitwa kwa majina, zile ndefu na vile vinywele vipya vya juu ya masikio. Maji yakamtiririka shingoni. Mabega yake yalikuwa yametulia kabisa, yeye ndiye aliyekuwa akinituliza mimi.

"Nianzie mbele?" Karuppan akauliza.

"Ngoja!"

Nilipiga kelele mpaka mtoto wa kibao cha pili akaacha kulia.

"Ngoja nini, dada? Foleni hiyo."

"Kichwa si hicho."

"Basi kichwa kipi?"

"Hiki!" Nikajipiga kofi kichwani. "Nadhiri ni yangu. Niliitoa mimi, kwa mdomo wangu, na mdomo wangu uko kwenye kichwa changu. Vennila, inuka!"

"Amma, lakini ulisema…"

"Nilisema kichwa kizima. Hiki ni nusu? Inuka!"

Sornam alikuwa nyuma yetu. "Pechi! Mumeo anashuka basi la saa kumi kutoka kazini Tiruppur! Hajakuona miezi sita!"

"Atanitambua kwa sauti!"

Watu wakacheka, foleni nzima. Karuppan alimtazama mwangalizi wa hekalu aliyekuwa akipita na sahani ya majivu ya baraka. Yule akanitazama mimi, akamtazama mtoto aliyelowa, akasema, "Anayetoa chake ametoa," akaendelea na njia yake. Nikakaa kwenye kibao. Nywele zangu zilikuwa msuko mmoja, ulionyooka, ulionifika kiunoni. Ndiyo. Mimi ndiye niliyekuwa na msuko wa kalenda. Nilikuwa nimeuringia miaka thelathini na minane.

Wembe ulianza mbele. Nilisikia msuko ukiwa mzito upande mmoja, kisha ukaanguka miguuni. Kisha upepo! Hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu upepo. Ulinipiga utosini kama maji baridi, nikacheka kwa sauti, peke yangu, kama aliyepandwa. Vennila alinipaka msandali wa kupoza kichwani kwa viganja vyote viwili, analia na kucheka.

Kisha akanishangaza. Alikaa tena kwenye kibao.

"Kaka Karuppan, nikate upana wa vidole vitatu. Nywele-ua. Hizi ni zangu, natoa mwenyewe."

Karuppan akapima kwa vidole vyake vinene, akakata. Zilizoanguka ni zile ncha nyekundu nilizoziunguza. Zilizobaki zikaruka juu, nyepesi, zimejaa. Sornam alichomoa kamba ya asumini kwenye kichwa chake mwenyewe, akamfunga. "Chukua," akasema. "Na lile neno la mkia wa panya, lichukulie kwamba nilikuwa naota."

Saa kumi baba yake Vennila alishuka basi na mfuko begani. Alinipita. Akarudi hatua tatu.

"Shikamoo, mama," akasema, "unamfahamu mwanamke mmoja hapa, anaitwa Pechi, mbishi hivi?"

"Beba mfuko twende," nikamwambia. "Wali unapoa."

Sasa nina nywele za upana wa kucha, na anayenipaka mafuta siku ya Ijumaa ni Vennila. Damu yake imefika kumi na moja na nusu. Nawaandikia haya kwa sababu mabinti wako wengi na maneno ni mengi. Ya kuepuka ni haya:

Kuchana nywele za kujikunja zikiwa kavu, kuanzia kwenye mizizi, kwa kitana cha meno ya kubanana.

Kusuka nywele zikiwa zimelowa.

Kukaza misuko mpaka ngozi ivutike. Akisema inauma, inauma.

Taulo gumu.

Shampuu ya pakiti kila siku. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha.

Vitunguu, pilipili manga au chochote kinachowasha kwenye ngozi ya kichwa.

Moshi wa ubani karibu na makaa.

Chai pamoja na chakula, au mara tu baada yake.

Kumfungisha msichana anayekua, au kumwacha aende shule na chai tupu.

Kuwapa mbuzi mlonge wote.

Kumtania binti kuhusu nywele zake, hata kwa mchezo.

Kutoa nadhiri kwa mwili wa mtu mwingine, hata kama ulimzaa.

Kungoja miezi miwili kabla ya kumpeleka kituo cha afya mtoto anayechoka na kunyonyoka nywele.